Panya Waliopona

"Wewe uliyemo humo, umehamia au?"

Sauti ilikuwa ya dereva wa lori, mpangaji wa chumba cha pembeni, na ngumi iliyoupiga mlango wa choo ilikuwa yake pia. Ndiyo kwanza kulikuwa kunapambazuka. Uani kulikuwa na vyoo viwili kwa nyumba nzima ya wapangaji. Kimoja kilikuwa kimeziba tangu juma lililopita, na katika hicho cha pili alikuwamo Cheko.

"Subiri kidogo, jirani," alisema Baba Cheko. Alikuwa amesimama kando ya mlango na ndoo ya maji mkononi, kama askari wa lindo. "Anatoka sasa hivi."

"Hiyo sasa hivi naisikia toka nimeamka. Mimi nina safari. Lori halijui tumbo la mtu."

"Ni mgonjwa."

"Sote tunajua ni mgonjwa. Kila siku mgonjwa. Mpelekeni basi akatibiwe, au mjenge choo chenu." Dereva aliwageukia waliokuwa kwenye foleni na miswaki midomoni, akitafuta wa kucheka naye. "Au kwa vile babake anaishi na panya, wamezoea kukaa shimoni."

Wawili watatu walicheka. Baba Cheko alikuwa mtunza panya katika maabara ya chuo, na kazi hiyo ilikuwa imemzoesha mizaha ya kila aina. Wameshamwita Mfalme wa Panya, wameshamwita Bwana Mkia, na mtaa wa pili walimwita Paka Mstaafu. Siku za kawaida yeye mwenyewe huongezea wa kwake, watu wakacheka zaidi. Asubuhi hiyo ulimi ulikuwa mzito. Aliihamisha ndoo kutoka mkono huu kwenda mkono ule, basi.

Mlango ulifunguka. Cheko alitoka amejikunja, mkono mmoja tumboni na mwingine ukutani. Jina lake hilo alipewa utotoni kwa sababu ya kicheko chake, kicheko ambacho baadaye, alipokuwa msichana mkubwa na kuanza kazi ya ususi, kilikuwa kikisikika barabarani kabla hujaifikia saluni. Sasa alikuwa na miaka ishirini, na mifupa ya mabega ilikuwa imechomoza chini ya gauni kama vining'inizo vya nguo.

"Samahanini," aliwaambia watu wa foleni bila kumtazama hata mmoja.

Dereva aliingia, akatoka palepale.

"Kuna damu humo," alisema, na safari hii hakusema kwa ubaya.

"Najua," alijibu Baba Cheko. "Ndiyo maana nina maji." Akakunja suruali, akaingia kuosha.

*

Daktari wa upasuaji alikuwa kijana, na alizungumza taratibu kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Aliwakalisha wote watatu, baba, mama na binti, kisha akasogeza kiti chake upande wao wa meza.

"Utumbo mpana wote umejaa vidonda," alisema. "Dawa tulizompa zilimsaidia mwanzoni. Sasa hazimsaidii tena, na hapa kwetu hatuna nyingine iliyo kali kuzishinda. Ninachoweza kufanya ni kuutoa."

"Kutoa nini?" aliuliza Mama Cheko.

"Huo utumbo mpana, mama. Mtu anaishi bila huo. Ule mdogo tunautokezea hapa," akagusa tumbo lake mwenyewe juu ya koti, karibu na kiuno, "na haja inatokea hapo, inaingia kwenye mfuko unaobandikwa kwenye ngozi."

"Kwa muda gani?"

"Huenda kwa maisha yake yote."

Mama Cheko alikuwa fundi cherehani, na aliujua mwili wa mwanamke kwa futi ya kupimia: kifua, kiuno, nyonga. Macho yake yalikwenda kiunoni kwa bintiye, yakabaki hapo. "Ataolewa na nani?" alisema. Hakuwa akimuuliza daktari. Hakuwa akimuuliza mtu.

"Daktari, mimi ni msusi," alisema Cheko. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua kinywa. "Mteja wangu anakaa kwenye kigoda, mimi nasimama nyuma yake. Kichwa chake kinanigusa hapa." Aliweka kiganja mahali palepale daktari alipopagusa. "Nani ataniachia kichwa chake?"

Daktari alikitazama kile kiganja.

"Mtaamua wenyewe," alisema. "Lakini amueni mapema. Leo ana nguvu ya kuhimili kisu. Siku utumbo utakapotoboka wenyewe, nitakuwa sina cha kuwaahidi."

Hata fedha, ambayo ndiyo desturi yake kuwakwamisha watu wa aina yao, mara hii haikuwa kizuizi. Chuo kilikuwa kimemkatia Baba Cheko bima yeye na familia yake. Kilichokuwa kinatakiwa ni neno moja tu, ndiyo. Waliondoka bila kulitamka. Wakasema watakwenda kulifikiria.

*

Kazi ya Baba Cheko ilianza kwa kubadili viatu mlangoni. Huvaa vya mpira, koti, kofia ya kitambaa na glavu, kisha huingia katika chumba kirefu kisicho na dirisha, chenye vizimba vya plastiki vilivyopangwa kwenye rafu. Hubadilisha maranda yaliyolowa, hujaza chakula, huosha chupa za maji. Kila panya humshika shina la mkia, akamtia ndani ya kopo juu ya mizani, akaangalia kama amepungua.

Miezi hiyo panya walikuwa wakiugua ugonjwa wa Cheko. Haikuwa bahati mbaya, wala si uchawi. Ndiyo ilikuwa kazi ya Profesa. Kulikuwa na unga mweupe, usio na harufu, ambao Profesa alimwagiza autie kwenye maji yao ya kunywa. Wakishakunywa siku chache, utumbo unavimba na kufanya vidonda. Manyoya yanasimama, mgongo unajikunja, wanaharisha damu. Kisha wa rafu za juu wanapewa dawa inayojaribiwa, na wa rafu za chini hawapewi, ili watu waone tofauti. Baba Cheko alikuwa ameyaona hayo yote kabla hayajaingia nyumbani kwake. Yalipoingia aliyatambua mlangoni, kama mtu anayemtambua mdai.

Siku ile baada ya kutoka hospitali alikuta chumba kimechangamka. Wa rafu za juu walikuwa wakiparamia nyavu, wakigombania chakula, wakijilamba na kujipangusa nyuso kwa vile vimikono vyao. Alimpima wa kwanza: ameongezeka. Akampima wa pili na wa tatu. Aliinama kutazama maranda, yalikuwa makavu, hayana doa jekundu.

Wa rafu za chini nao walikuwa wameanza kusogea sogea. Aliwaona. Lakini jicho lililokwisha kupata linachotaka halirudi kutafuta.

Jioni alifika nyumbani anahema kama aliyekuwa akifukuzwa.

"Wamepona," alisema kabla hajavua viatu.

"Nani?" aliuliza mkewe kutoka kwenye cherehani.

"Panya. Panya wenye ugonjwa wa Cheko. Wamepewa dawa, wamepona. Nimewapima kwa mkono wangu. Wanakula mpaka wanang'atana."

Mama Cheko aliiachia pedali, cherehani ikanyamaza. Cheko alijiinua kitandani kwa kiwiko.

"Baba, unasema kweli?"

"Nikudanganye wewe?"

Cheko alicheka. Kilikuwa kicheko chembamba, kimekauka, lakini kilikuwa chake, na Mama Cheko akashindwa kujizuia, akacheka naye huku machozi yanamtoka. Walikula pamoja chakula chote kilichokuwamo sufuriani. Cheko alimtania babake kwamba ikibidi atalala kizimbani, bora apewe maranda laini. Hakuna aliyesema neno "kisu", hakuna aliyesema "mfuko". Uamuzi wa kusubiri ulipita katikati yao bila mtu kuutamka, na wote watatu wakauacha upite.

*

Profesa alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, mwenye kupenda kula karanga mezani kwake japo bango la ukutani lilikataza. Alipomwona Baba Cheko amesimama mlangoni na viatu vya mpira, alijua kuna jambo. Watunzaji hawakuwa na kawaida ya kupanda huku juu na viatu hivyo.

Baba Cheko alimweleza. Alikuwa amejipanga njia nzima, lakini maneno yalitoka yamegongana. Kwamba ana binti. Kwamba ugonjwa ndio huuhuu. Kwamba anaomba kidogo tu, hata kile kinachobaki kwenye chupa.

Profesa aliziweka karanga pembeni.

"Panya wale nani aliwaumiza?" aliuliza.

"Sisi."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa ule unga."

"Na juzi nilikwambia uwabadilishie nini?"

"Maji. Niwape maji safi."

"Sasa wale wa rafu za chini, ambao hawajapewa dawa, leo wanafanya nini?"

Baba Cheko alitazama viatu vyake vya mpira. "Wanakula," alisema.

"Wanakula. Ukishaondoa ule unga, utumbo wa panya unaanza kujitengeneza wenyewe. Dawa yetu imewaharakisha kidogo. Huenda. Hata hilo bado sina hakika nalo. Lakini binti yako, ndugu yangu, hakuna mtu aliyemtilia unga kwenye maji. Dunia nzima haijajua hasa ni kitu gani kinachomchoma utumbo. Nimwondolee nini?"

"Hata tone, Profesa."

"Nikimpa nikamuua?"

"Si anakufa tayari?"

"Basi mpeleke akapasuliwe. Mpeleke kesho. Nakupa ruhusa, siku zozote utakazohitaji." Aliitazama mikono ya yule mtu, iliyokuwa imeikamata kofia ya kitambaa na kuipotoa kama nguo inayokamuliwa. "Nisamehe. Ungeniambia tangu awali ningekueleza. Nilidhani unajua."

"Nilijua," alisema Baba Cheko. Na alipokuwa akishuka ngazi aligundua kwamba hakuwa amesema uongo.

Njia nzima aliyapanga tena maneno, safari hii ya kuwaambia nyumbani. Atamwita mkewe kwanza, watoke nje. Hapana, atawaambia wote pamoja. Ataanza na rafu za chini.

Alipoingia uani alimkuta Cheko amekaa kwenye kiti kando ya mlango, jua la mwisho linampiga usoni. Chini mbele yake, juu ya kigoda, alikuwa amekaa binti wa yule dereva wa lori, na vidole vya Cheko vilikuwa vikitembea kichwani mwake, mstari baada ya mstari, vyembamba na vimenyooka. Ilikuwa imepita miezi tangu azishike nywele za mtu. Dereva mwenyewe alikuwa amesimama pembeni, bakuli mkononi. Alikuwa amewaletea supu.

"Mwenyewe huyo," alisema Cheko. "Mwulizeni. Dawa ya babangu, ikishatoka, itabidi mpange foleni ndefu kuliko ya choo."

Watu walicheka, na dereva akacheka kwa aibu kuliko wote. Mama Cheko alitoa kichwa dirishani.

"Vipi, umeongea naye? Amesemaje?"

Wote walimtazama. Cheko alikuwa amesimamisha kidole juu ya kichwa cha yule binti, anangoja.

"Profesa amesema tusubiri kidogo," alisema Baba Cheko.

*

Walisubiri.

Baba Cheko alijiambia kwamba atasema kesho, na kesho ikifika ilikuwa na sababu yake. Leo ameamka na homa, si vizuri kumvunja moyo. Leo ameamka vizuri, si vizuri kumharibia. Mama Cheko kila alipokwenda kliniki kuchukua dawa za kutuliza maumivu alirudi ameomba siku nyingine. "Nimemwambia daktari tuko njiani," alisema. "Amekunja uso. Hao wanapenda kukata tu, kama mimi na kitambaa."

Kisha maumivu yakabadilika. Cheko aliacha kuomba kupelekwa chooni. Mamake alimwekea ndoo chumbani na pazia. Tumbo, lililokuwa limebonyea, lilianza kujaa.

Jumapili moja mchana, Mama Cheko akiwa amekwenda kupeleka sare za shule kwa mteja, baba na binti walibaki peke yao. Baba alikuwa akimpepea kwa kipande cha boksi.

"Baba," alisema Cheko, "wale panya waliopona wako wapi sasa?"

"Wapo kazini."

"Wapo, wapo? Hai?"

Boksi lilisimama. Angeweza kusema "ndiyo". Alikuwa ameshasema makubwa kuliko hilo. Lakini Cheko alikuwa anamtazama kwa macho makubwa ya mtu aliyekonda, na mbele ya macho yale alichoka.

"Hawapo," alisema. "Huwa wanauawa. Wote, waliopona na wasiopona. Lazima watazamwe utumbo ndani."

"Hata waliopona?"

"Hata waliopona."

"Makubwa," alisema Cheko. Akafikiri kidogo. "Na dawa?"

Hapo ndipo alipomweleza. Alimweleza unga, alimweleza maji safi, alimweleza rafu za chini. Alimwambia kwamba Profesa alisema apelekwe kesho yake, si kusubiri, na kwamba alirudi na neno hilo mdomoni, akamkuta anamsuka binti wa dereva. Hakumtazama alipokuwa akisema. Alilitazama boksi, ambalo lilikuwa na picha ya birika.

Cheko hakulia. Alinyoosha mkono, akaushika mkono wa babake kwenye kifundo, kwa nguvu ndogo aliyokuwa nayo.

"Kumbe," alisema. "Basi nipeleke, baba."

"Mamako akirudi."

"Mama tutamwambia mimi ndiye niliyebadili mawazo. Haya mengine usimwambie."

"Mwanangu..."

"Usimwambie. Mtabaki nyinyi wawili humu ndani. Mtaishije?"

*

Utumbo ulikuwa umeshatoboka. Daktari kijana alimtazama tumbo, akalibonyeza mara moja, na hakuuliza kwa nini wamechelewa. Wangependa aulize. Alimkimbiza ndani.

Cheko aliamka kesho yake, na wazazi waliruhusiwa kumwona mmoja mmoja, kisha nesi akawahurumia, akawaruhusu wote wawili. Kulikuwa na mirija puani na mkononi. Cheko alionyesha kwa kidole kwamba shuka lifunuliwe. Mama Cheko alisita, akafunua.

Upande wa kiuno, chini kidogo ya mahali gauni hufungwa mkanda, kulikuwa na kimfuko cha plastiki, cha rangi ya ngozi, kisichozidi ukubwa wa kiganja cha mtu mzima.

Cheko alikitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe kenyewe kadogo hivi," alisema.

Mama Cheko aliinama akawa anakipima kwa vidole, bila kukusudia, kama anavyopima pindo: upana huu, urefu huu. "Ningekushonea gauni," alisema. "Ningekata hapa, nikaweka rinda. Mtu asingejua. Mwanangu, mbona mtu asingejua."

"Utanishonea," alisema Cheko.

Sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Alifariki mchana wa siku iliyofuata, watu wakiwa wanapita koridoni na sahani za chakula cha wagonjwa.

*

Baada ya mazishi nyumba ilijaa, kisha ikapungua, kisha ikabaki na watu wawili. Dereva wa lori alikuwa amelipa fundi, kile choo kilichoziba kikazibuliwa, na hakuna aliyemshukuru kwa sababu hakuna aliyejua aseme nini. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Mama Cheko alikaa kwenye godoro chini, mgongo ukutani, na alikuwa na sentensi moja aliyokuwa akiirudia kila baada ya kimya kirefu.

"Mimi ndiye niliyeuogopa mfuko."

Na Baba Cheko kila mara alijibu, "Ni mipango ya Mungu, mama." Kila alipolisema neno hilo liliacha ladha mbaya kinywani, lakini mtoto alikuwa amemwomba, na ombi la marehemu ni zito. Ndivyo alivyojiambia. Lilikuwa pia ombi linalomfaa yeye, na hilo hakujiambia.

Asubuhi moja mtu alipiga hodi. Alikuwa mwanamke ambaye Baba Cheko hakumfahamu, mwenye viatu vilivyojaa vumbi la mbali. Aliketi ukingoni mwa kiti, akatoa pole, akalia kidogo kama inavyopasa, kisha akajifuta.

"Mama Cheko, sijui kama unanikumbuka. Tulikaa benchi moja kliniki. Mume wangu ni mwashi, ana ugonjwa uleule wa marehemu."

"Nakukumbuka," alisema Mama Cheko bila kuinua kichwa.

"Najua si wakati wake. Mnisamehe. Lakini uliniambia habari ya ile dawa, ya wale panya. Sisi nasi daktari alitaka kumpasua, tukakataa, tukasema tusubiri hiyo. Sasa tangu jana anatapika, na tumbo limejaa. Nimekuja kuuliza kama imefika."

Baba Cheko alimwahi mkewe.

"Haijafika," alisema.

"Itafika lini?"

"Usiisubiri, dada. Mpeleke mumeo hospitali."

"Watamkata." Mwanamke alimgeukia Mama Cheko kutafuta msaada. "Lakini wewe si uliniambia profesa mwenyewe ndiye aliyesema tusubiri kidogo? Kama ni siku mbili tatu, shemeji, sisi tunaweza kuvumilia."

Uani mtu alikuwa anafua. Nguo zilisikika zikipigwa jiweni. Baba Cheko alimtazama mkewe, ukosi wa gauni lake uliokuwa umefungwa vifungo vibaya, miguu yake aliyoikunja kama mtoto. Alijua kwamba kuna njia ya kumwondoa huyu mgeni kwa maneno mengine, ya upole, yasiyogusa kitu. Alijua pia kwamba mgeni akiondoka na maneno hayo, atasubiri.

"Profesa hakusema hivyo," alisema.

Mama Cheko aliinua kichwa. "Hakusema nini?"

"Hakusema tusubiri. Alisema hakuna dawa. Panya walikuwa wamelishwa sumu, wakaondolewa sumu, wakapona. Basi. Alisema Cheko apelekwe kesho yake akapasuliwe. Mimi ndiye niliyesema tusubiri."

"Siku ipi?"

"Alipokuwa anamsuka yule binti wa dereva."

Mama Cheko alizirudia siku zile moja moja, na mumewe aliona usoni kwake jinsi zilivyokuwa nyingi.

"Cheko alijua?"

"Mwishoni. Nilimwambia. Akaniomba nisikwambie."

"Alikufichia," alisema Mama Cheko polepole. "Anakufa, anakufichia."

Mwanamke mgeni alikuwa amejishika mdomo. Mama Cheko aliweka mikono sakafuni, akajiinua kwa shida kama mtu aliyekaa mwaka mzima, akatafuta mtandio wake, akajitanda.

"Mumeo yuko wapi?" alimwuliza mgeni.

"Nyumbani. Amelala."

"Anaweza kutembea?"

"Kwa kushikwa."

"Basi twende tukamshike."

Walitoka. Baba Cheko alibaki amesimama katikati ya chumba. Kisha alitoka mbio, akawafuata kwa nyuma, hatua kadhaa, kama mtumishi asiyejua kama ameitwa. Hakuna aliyemkataza. Walipofika, mwashi alikuwa mtu mrefu, saruji bado imeganda kwenye kucha zake, na alihitaji watu wawili. Baba Cheko aliupitisha mkono wa mgonjwa shingoni mwake upande mmoja, Mama Cheko upande wa pili.

"Nasikia kuna dawa," alisema mwashi kwa pumzi iliyokatika.

"Hakuna dawa, shemeji," alisema Mama Cheko. "Kuna daktari. Nyanyua mguu."

Daktari kijana aliwaona wakiingia, akawatambua, na uso wake ukabadilika. Kisha akamwona waliyembeba, akaita machela. Walikaa kwenye benchi la koridoni, mke wa mwashi katikati. Mchana ulipita. Jua lilikuwa limeinama kwenye madirisha daktari alipotoka, amevua kofia, nywele zimemlowa.

"Utumbo ulikuwa bado haujatoboka," alisema. "Ilibaki kidogo tu. Ataishi."

Mke wa mwashi alimwangukia Mama Cheko shingoni, akapiga kelele za shukrani. Na Mama Cheko, ambaye hakuwa amelia kaburini wala nyumbani, alilia hapo, kwa sauti kubwa mbaya iliyowafanya watu watoke wodini kutazama. Baba Cheko alisogea. Alinyoosha mkono akauweka juu ya goti la mkewe.

Mama Cheko aliuchukua ule mkono. Aliushika kidogo, akautazama, kisha akaurudisha taratibu juu ya goti la mumewe.

"Nenda nyumbani," alimwambia. "Mimi nitakaa na hawa mpaka aamke."

"Nikusubiri?"

Mama Cheko alitazama mbele, kwenye mlango wa chumba cha upasuaji uliokuwa ukifungwa.

"Usinisubiri," alisema.